Mzee Aliyekunywa Kidhibiti

Jumanne ya tarehe tisa Juni, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Mzee Ndimbo alikunywa kidhibiti cha serikali. Alikinywa chote. Hakubakiza hata tone la kupimia, na alipomaliza alijifuta mdomo kwa kiganja, akairudisha glasi mezani taratibu kama mgeni aliyekaribishwa, akasema, "Haya. Yamenyweka."

Mambo yake yalikuwa mabaya tangu zamani, hilo hakatai. Lakini ukimwuliza ni siku gani hasa yalipoharibika yakawa hayatengenezeki tena, atakutajia hiyo, na saa yake, na atakwambia hata Mheshimiwa Waziri alivaa viatu gani.

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko visima. Wakubwa wake ni watu wapole ambao hawapendi kusemwa, na mimi ni nani hata niwaudhi watu wapole? Nasimulia tu yaliyotokea, kwa faida ya wale wanaoishi nchi nyingine, ambako mambo kama haya hayawezi kutokea kabisa.

Basi, katika mji mkuu wa nchi hiyo, upande ambao mabomba yalikwisha fika ila maji bado, palikuwa na kampuni ndogo iliyoitwa Chemchemi Mpya. Watu wanne, matangi matano, na banda moja la bati. Watu wa mtaa ule wa Kichangani waliiita Kiwanda cha Mavi, wala hawakuwa na nia mbaya. Walitaja walichokiona kikiingia. Kilichokuwa kikitoka ni habari nyingine. Mwenye kampuni, Daktari Kokubanza, mama mfupi mwenye miwani mikubwa, alifuga vijidudu visivyoonekana kwa macho. Gari la majitaka likimwaga uchafu wa vyooni upande huu, vijidudu vinaula na kutoa gesi ya kupikia. Maji yanayobaki yanachujwa kwa mchanga, kwa mkaa, na kwa vijidudu vingine vyenye adabu zaidi, hata upande wa pili yanatoka maangavu, hayana harufu wala hadithi.

Kazi ya Mzee Ndimbo ilikuwa kufungua koki kubwa gari likija na kuifunga gari likiondoka. Alisoma mpaka darasa la nne, akabakiwa na herufi chache. Baada ya hapo alitapisha vyoo vya watu kwa ndoo na kamba miaka thelathini, kwa hiyo hakuna mtu nchini aliyeijua malighafi ile kwa karibu kama yeye. Na maji ya kampuni ndiyo maji pekee mjini aliyoyaamini, kwa sababu alijua yalikotoka.

Ya bombani hakuyaamini tena. Mke wake, Somoe, aliyanywa msimu wa mvua wa mwaka juzi, siku ambayo bomba la Wizara lilikohoa, likatema kahawia, kisha likatoa maji. Akaugua asubuhi, akafa jioni. Kwa bahati nzuri hakufa kwa kipindupindu, kwa kuwa Bunge lilikwisha kifuta kipindupindu kwa sheria, kwa kura zote za ndiyo na makofi mengi. Cheti kiliandikwa hivi: "Sababu ya kifo: mshtuko wa tumbo uliotokana na uzembe wa mgonjwa." Mzee Ndimbo alimpa jirani yake cheti hicho amsomee mara mbili, kisha akamwomba asome mara ya tatu lile neno la uzembe, kwa sababu katika miaka ishirini na saba ya ndoa hakuwahi kumwona Somoe akiacha hata sufuria bila kufunikwa.

Hiyo Jumanne, Mheshimiwa Chikoti, Waziri wa Maji, Madini na Matumaini, alikuja kuzindua mtambo. Ilipangwa kwamba angenywa glasi ya kwanza mbele ya kamera. Glasi ikawekwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Mheshimiwa akaitazama. Akaitazama tena. Kisha akaanza kuhutubia, na kila alipofika mahali ambapo hotuba ingeweza kuisha, aliitazama glasi na kuendelea.

"Ndugu wananchi! Uchunguzi wa kina wa serikali yenu sikivu umebaini kwamba kwa miaka mingi wananchi wamekuwa wakizalisha rasilimali hii adhimu bila kujitambua, na wengine, nasikitika kusema, bila kibali! Kama uchafu wa chooni unatoa gesi, basi huo si uchafu. Ni madini! Kuanzia dakika hii, vyote vilivyomo vyooni, na vyote vitakavyokuwemo, ni madini ya kimkakati na mali ya taifa!"

Watu wakapiga makofi. Wengine walikuwa wameshikwa tumbo tangu asubuhi na hawakujua kwamba wamesimama hapo na mali ya taifa.

Ikawa dhahiri kwamba Chemchemi Mpya imekuwa ikichimba madini ya kimkakati bila leseni kwa miezi kumi na minne. Kampuni ikafungwa pale pale, kabla ya kuzinduliwa, na glasi ya maji ikageuka kidhibiti, yaani kitu kilichokamatwa kwa ajili ya kesi. Afisa Vidhibiti, Bwana Malekela, kijana mwembamba mwenye begi la fomu, akaandika kwa wino: "Kidhibiti namba moja: maji. Chombo: glasi."

Mheshimiwa angenyamaza hapo, mzee yule angekuwa nyumbani kwake leo. Lakini alikwisha kolea. Akanyoosha kidole.

"Na hebu tuulizane, ndugu zangu. Mtu mwenye akili timamu, anayeipenda familia yake, anaweza kunywa haya?"

Lilikuwa swali la hotuba, lisilotaka jibu. Sauti ikatoka huko nyuma penye koki.

"Mimi."

"Nani huyo?"

"Ndimbo. Mfungua koki."

"Mzee wangu, kaa chini."

"Nilikaa chini, Mheshimiwa, siku mke wangu alipokunywa ya kwenu."

Akaja mbele. Walinzi hawakumzuia, maana walifundishwa kuzuia watu wanaokimbia, na yeye alitembea. Yaliyofuata nimekwisha yasema.

Bwana Malekela akamsogelea Waziri. "Mheshimiwa," alisema kwa sauti ndogo, "amekunywa kidhibiti."

* * *

Katika nchi ile fomu iliyojazwa kwa wino haifutwi. Mtu anaweza kufutwa, kampuni, ugonjwa, hata mtaa mzima, lakini si fomu. Bwana Malekela alikaa kwenye ngazi ya banda na kitabu kinene cha Kanuni za Utunzaji wa Vidhibiti, akakifunua huku akitiririka jasho, hata akafika ukurasa uliomfanya apumue.

"Hakijapotea!" alisema. "Kimehama chombo tu."

Akatoa fomu ya kuhama chombo. Daktari Kokubanza alisimama karibu naye, kampuni yake imefungwa nusu saa iliyopita, akawa anajibu kwa unyonge kama mtu anayeandikisha mzigo stesheni.

"Chombo cha awali, glasi. Chombo cha sasa?"

"Bwana Malekela, huyu ni mfanyakazi wangu. Ni mtu."

"Daktari, hapa kuna nafasi ya neno moja. Naandika Ndimbo. Rangi?"

"Mwenyewe si unamwona?"

"Kina mfuniko?"

"Mfuniko gani?" akafoka Mzee Ndimbo.

"Naandika mdomo. Unafungika?"

"Kwa shida," alisema Daktari.

Wakamvalisha lebo shingoni kwa kamba ya katani. Wakazungusha utepe wa njano kuzunguka kiwanja chote, kimo cha goti. Mbuzi wa jirani aliuruka utepe ule mara nne jioni ile. Mzee Ndimbo hakuuruka. Bwana Malekela alikwisha msomea Daktari karatasi ya dhamana: kidhibiti kikivuka utepe bila fomu, mwenye kiwanja atafungwa miaka saba. Daktari alisaini. Mzee aliiangalia saini ile, akaona basi, hata mbuzi ana uhuru wake na mimi nina wangu wa kukaa.

"Ni siku mbili tatu tu, mzee wangu," alisema Bwana Malekela, ambaye, niseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto watatu na mhuri mmoja.

Siku ya nne Daktari Kokubanza akaamua kulimaliza jambo kwa elimu. Alichora mwili wa binadamu kwenye ubao, mishale ya kuingia na ya kutoka, akamweleza Bwana Malekela kwamba maji hayakai mwilini. Glasi moja inakwenda zake. Kidhibiti hakimo tena ndani ya mzee, na kwa hiyo mzee aachiwe.

Bwana Malekela alisikiliza kwa heshima, akanakili mishale yote. Kisha akauliza, "Yametokea wapi?"

"Si yametoka kwa njia yake. Chooni."

"Choo kipi?"

"Hiki chetu cha hapa."

"Na choo hiki kinakwenda wapi?"

Hapo mtu mwingine angesema hajui. Daktari Kokubanza alisoma ng'ambo miaka sita na tabia ya kusema kweli ilikuwa haijamtoka. "Kwenye tangi namba moja," alisema. "Vijidudu vinakula, maji yanachujwa, yanakuja tangi namba tano."

"Na mzee anakunywa maji ya wapi?"

Kampuni ilifungwa, lakini vijidudu havikupewa nakala ya amri, na vilikuwa vikiendelea na kazi kama kawaida. Maji yalikuwa yakitoka tangi namba tano, mazuri kuliko ya hotelini, na ndani ya utepe hapakuwa na mengine.

"Ya tangi namba tano," alisema Daktari.

"Basi kimo," alisema Bwana Malekela kwa huzuni. "Kikitoka, kinarudi. Daktari, mtambo wako unafanya kazi vizuri sana."

Mzee Ndimbo, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo akisikiliza, aliwaza kwamba amewahi kusikia watu wakifungwa kwa wizi, kwa deni, kwa kusingiziwa. Yeye amefungwa kwa sababu mashine haina kasoro.

* * *

Ikawa maisha ni hayo. Kila asubuhi saa mbili Bwana Malekela alikuja, akaamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikiwa, "Marahaba," kisha akafungua daftari lake na kukagua kiwango. Namna ya kukagua kiwango ilikuwa kumgusa mzee tumbo kwa kidole mara mbili na kuandika "sawa".

Habari za dunia zilimfikia kwa njia ya Mama Chausiku, yule jirani aliyesoma cheti. Alikuwa muuza uji, shoga yake Somoe tangu usichana, na alipikia gesi ya kampuni hata siku ilipokuwa madini. Sasa alikuwa amerudi kwenye mkaa na macho mekundu. Aliweka meza yake nje kidogo ya utepe, akawa anampitishia kikombe.

"Shemeji, leo umewekwaje, wima au umelazwa?"

"Nimewekwa, Mama Chausiku. Huko nje vipi?"

"Huko nje? Mjumbe anapita nyumba kwa nyumba anakagua machimbo. Mama Tatu kaambiwa choo chake kina hazina kubwa, asikitumie mpaka wataalamu waje. Anakwenda wapi sasa? Anavuka mpaka wa kata!"

Walicheka. Lakini Ijumaa ya tarehe ishirini na sita, Mama Chausiku alikuja bila sufuria. Alikuwa na karatasi iliyobanduliwa ukutani, gundi bado mbichi, na hakumtania. Alisoma akiwa amesimama.

"Wizara ya Maji, Madini na Matumaini inawatangazia wananchi kwamba Kiwanda cha Taifa cha Maji na Nishati ya Mabaki kitajengwa katika eneo la makaburi ya Kichangani. Wenye marehemu wao wafike wao wenyewe Alhamisi tarehe mbili Julai, kuanzia saa tatu asubuhi, na vitambulisho, kutambua makaburi. Atakayetambuliwa atahamishwa kwa heshima zote na jamaa zake wataonyeshwa kaburi jipya. Asiyetambuliwa atahesabika kuwa mali isiyo na mwenyewe."

"Soma tena hapo mwisho."

"Shemeji, usijitese."

"Soma."

Akasoma. Kiwanda chenyewe kilikuwa ni kile kile cha Daktari Kokubanza, kwa ukubwa mara mia. Kampuni ilifungwa kwa kulifanya jambo hilo bila kibali. Serikali italifanya kwa kibali, ambacho itajipa yenyewe.

Kaburi la Somoe halikuwa na jina. Vibao vya mbao vya makaburini Kichangani vilikwisha geuzwa kuni tangu gesi ilipokatazwa. Safu ya tatu ukihesabu kutoka korongoni, la nne kutoka kwenye kisiki: aliyejua hesabu hiyo ni mmoja tu. Watoto hawakujaliwa. Ndugu wa Somoe walikufa.

"Mama Chausiku, nenda wewe. Nitakuelekeza."

"Nimeuliza ofisini, nikalia humo humo. Wamesema mwenzi wa ndoa au ndugu wa damu. Nikawaambia mimi nilimwosha maiti yule kwa mikono hii. Wakaniuliza, una risiti?"

Mzee Ndimbo alikunja karatasi ile, akaiweka mfukoni nyuma ya lebo yake. Siku sita. Alikuwa amekubali mengi: kufungiwa, kuguswa tumbo, kuandikwa rangi. Hili la Somoe kutupwa kama kitu kilichookotwa, hili hakulikubali.

* * *

Jumamosi alimwomba Bwana Malekela ruhusa ya saa moja. Bwana Malekela alitafuta kitabuni akasema kidhibiti hutoka kwa sababu moja tu, kwenda mahakamani, na kesi imepangwa Ijumaa tarehe kumi na nne Agosti.

Jumatatu Daktari aliandika barua kwa mahakama kuomba kesi isogezwe. Mahakama ikajibu siku hiyo hiyo, jambo lililotushangaza wote: mshtakiwa katika kesi ni kampuni, na kampuni ikishafungwa haipo, na asiyekuwepo hawezi kuandika barua. Barua ikarudishwa na onyo.

Jumanne Daktari alimwita pembeni ya tangi namba mbili.

"Baba," alimwambia, na hakuwahi kumwita hivyo, "kesho kutwa uruke huo utepe. Nenda ukamtambue mkeo. Mimi nitajua la kufanya."

"Miaka saba, Daktari?"

"Nitafuga vijidudu vya gerezani. Huko malighafi haikosekani."

"Usinitanie. Somoe angeniuliza nimefika kwa njia gani. Nimwambie nimemkanyaga mtoto wa mwenzangu ndiyo nikapita?"

Hakwenda. Na Jumatano asubuhi, Bwana Malekela alipofika kukagua kiwango, alimkuta mzee juu ya ndoo yake, mikono magotini, akilia. Hakulia kwa sauti. Yalikuwa yanamtoka tu, yanafuata makunyanzi, yanadondokea kwenye lebo, hata wino wa namba ukaanza kutanuka. Siku ya mazishi ya Somoe watu walimsema kwamba ana moyo wa jiwe kwa sababu hakutoa chozi. Basi yalikuwa yameahirishwa.

Bwana Malekela alisimama na kidole chake hewani. Mara uso ukamwangaza.

"Daktari!" aliita. "Daktari, njoo! Chombo kinavuja!"

Alikifunua kitabu kwa pupa hadi kikachanika ukurasa. "Kanuni ya thelathini na moja! Chombo kinachovuja kitaruhusiwa kutoka kwenda kutengenezwa, kwa muda usiozidi saa tatu, kikisindikizwa na afisa. Saa tatu, mzee! Makaburini na kurudi ni saa moja na nusu!"

Alijaza fomu nakala tatu kwa furaha. Hali ya chombo: kinavuja. Mahali pa matengenezo: Kichangani. Aligonga mhuri wake kwa nguvu kuliko siku zote. Nilikwisha sema hakuwa mtu mbaya. Kisha wasiwasi ukamrudia.

"Ila mzee wangu, fomu ni ya kesho. Utaweza kuvuja na kesho?"

"Kesho," alisema Mzee Ndimbo, "nitavuja bila taabu."

* * *

Alhamisi walifika makaburini saa tatu na robo. Mzee alikuwa ameoga kwa maji ya tangi namba tano, amevaa shati alilolivaa kwenye harusi ya mpwa wake, lebo ameitia ndani. Cheti cha ndoa mfuko wa kushoto, kitambulisho mfuko wa kulia. Bwana Malekela alitembea hatua moja nyuma yake, na njiani alimwachia atangulie kama baba yake.

Palikuwa na turubai la bluu, viti vilivyovalishwa vitambaa, na spika zilizopiga nyimbo za kusifu maji. Tingatinga mbili zilikuwa zikinguruma papo hapo. Mheshimiwa alitarajiwa saa sita kuweka jiwe la msingi, kwa hiyo marehemu walitakiwa wawe wameondoka kufika saa tano, wasije wakaharibu picha.

Karani alikuwa binti nadhifu mwenye kompyuta. Foleni ilikwenda haraka; waliokuwa wakitambuliwa walitiwa kwenye sanda mpya na kuandikwa majina, na jamaa zao wakapewa karatasi ya mahali. Mzee Ndimbo aliliona hilo kwa macho yake, akajisikia kifua kinafunguka. Serikali inaweza ikitaka, aliwaza.

"Kitambulisho, baba. Marehemu?"

"Somoe binti Kazumari. Mke wangu. Safu ya tatu, la nne kutoka kwenye kisiki."

Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Baba, humu humo."

"Simo wapi?"

"Kwenye watu. Ngoja... nimekupata. Uko huku, kwenye Vyombo na Vifaa. Kati ya ndoo na ngazi."

"Binti yangu, hilo ni jambo la kiofisi tu, mwenyewe huyu hapa atakueleza."

Bwana Malekela akasogea mbele na fomu yake. Binti aliisoma yote, pamoja na maandishi madogo.

"Imeandikwa chombo kinavuja, kinapelekwa matengenezo."

"Ndiyo, ila dada yangu, hiyo ni njia tu ya kumtoa. Huyu ni mtu. Namjua. Tunaamkiana kila siku."

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Mhuri wako?"

"Wangu."

"Kwa hiyo kaka, kwenye fomu ya serikali uliandika uongo?" Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa amefundishwa kuuliza hivyo, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. "Nikiandika uongo, wanakuja kukuchukua sasa hivi. Nikiandika chombo, foleni inaendelea. Wewe niambie tu niandike nini."

Spika ziliimba. Watu nyuma wakaanza kuguna. Bwana Malekela aliutazama mgongo wa mzee, shati lile la harusi lililopigwa pasi, akatazama viatu vyake mwenyewe, akawaza watoto watatu.

"Ni chombo," alisema.

"Asante. Chombo hakina mke. Anayefuata!"

Mzee Ndimbo alitoka kwenye foleni akaelekea korongoni, akahesabu safu, akahesabu kutoka kwenye kisiki, akasimama penyewe. Wachimbaji wawili walimfikia. Mmoja aliona sura yake akashusha jembe.

"Mzee, hapa ni pa kwako?"

"Ni mke wangu. Mchimbe polepole. Alikuwa hapendi kushtuliwa."

Walichimba polepole. Hilo walimfanyia, Mungu awalipe. Lakini sanda mpya na karatasi ya jina vilikuwa kwa karani, na wao walichokuwa nacho ni mifuko myeupe ya plastiki, yote sawa. Wakamtia humo. Mzee aliomba kalamu. Hakuna aliyekuwa nayo. Akavua lebo yake shingoni ili aifunge kwenye mfuko, msimamizi akaja mbio akisema hiyo ni mali ya kesi, irudi ilikotoka. Mfuko ukabebwa na kutupiwa kwenye lori, katikati ya mingine sitini na kitu, na lori likasogea kidogo, na mifuko ikasogea nayo, na hapo hapo hakujua tena ni upi.

Alishika mlango wa dereva. "Mwanangu, mnawapeleka wapi?"

"Mimi nafuata gari la mbele, baba."

"Na gari la mbele?"

Lori liliondoka. Bwana Malekela alimgusa bega akasema muda umekwisha, zimebaki dakika za kurudi tu. Walirudi kwenye utepe. Nyuma yao Mheshimiwa alikuwa anawasili, na baadaye tulisikia kwamba alikunywa maji hadharani, glasi nzima, ya chupa.

* * *

Barua ameandika, yaani Mama Chausiku ameandika naye akaweka dole gumba. Wizara ya Ardhi ikajibu kwamba kilichomo ardhini ni chao, ila kikishatolewa si chao tena. Wizara ya Afya ikajibu kwamba marehemu alishahudumiwa. Wizara ya Maji, Madini na Matumaini ikajibu kwa mistari miwili kwamba haina utaratibu wa kuandikiana na vyombo.

Tarehe kumi na nne Agosti kesi ikaitwa. Mzee Ndimbo alipelekwa mahakamani na kuketishwa juu ya meza ya vidhibiti, pembeni ya glasi tupu. Kizimbani hapakuwa na mtu, kwa kuwa mshtakiwa hayupo. Daktari Kokubanza aliruhusiwa kuingia kama mtazamaji. Mawakili wa serikali walizungumza saa mbili juu ya madini, wakakinyooshea kidhibiti kidole mara ishirini na mbili, na kidhibiti kilikaa wima.

Hakimu alipokuwa anafunga jalada aliuliza, kama sheria inavyomtaka, iwapo yupo mwenye swali. Mkono ukanyooka mezani.

Mahakama nzima iligeuka. Hakimu alivua miwani, akaivaa, akawauliza wazee wa baraza, hawakuwahi kuona. Akamwuliza karani wake, naye akasema hakuna sheria inayoruhusu kidhibiti kuuliza, lakini pia hakuna inayokataza. Hakimu akaagiza swali lisikilizwe na liandikwe kwa wino.

Mzee akateremka mezani, akasimama kwa miguu yake, akauliza. Karani akaandika. Hakimu akawatazama mawakili wa serikali, nao wakatazamana, wa kwanza akamwangalia wa pili na wa pili akaangalia dirisha, na kesi ikaahirishwa mpaka jibu litakapopatikana. Tangu hapo imetajwa mara kumi na moja. Jalada limeongezeka unene, limepewa kabati lake, na swali limo ukurasa wa kwanza, kwa wino, haliwezi kufutwa:

"Somoe mmemweka wapi?"